Mbwa Wako Mdogo Akimngurumia Kila Anayekukaribia

Sisi madaktari wa mifugo hapa Tanga huletewa vijibwa vya kufugwa ndani kwa ajili ya chanjo, kupe na viroboto. Habari ya tabia hutajwa mwishoni, mtu akiwa ameshafika mlangoni, tena kwa kicheko: "Daktari, huyu ananipenda mno, hata baba watoto hamruhusu kukaa karibu nami." Naomba jambo hilo litajwe mapema. Mbwa wa kilo 4 ana meno kama mbwa mwingine yeyote, na uso wa mtoto anayetambaa uko sawasawa na mdomo wake.

Mara nyingi mbwa wa namna hii ana hofu, au analinda kitu anachokiona ni chake: mapaja yako, kitanda, mkono unaomlisha. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake ndipo anapojifunza nani ni wa kawaida. Aliyepitisha wiki hizo ndani ya geti huko Raskazone, asione mzee mwenye kanzu, mama mwenye buibui wala watoto wanaokimbia, baadaye huwaona wote ni hatari. Kisha anajifunza jingine: akibweka, mgeni anarudi nyuma. Kwake dawa imefanya kazi, na kesho atabweka zaidi.

Mtazame mwili kabla hujamsikia sauti. Mgeni anapiga hodi, na mbwa aliye mapajani anakakamaa ghafla. Anafunga mdomo, analamba pua, anageuza kichwa huku macho yamebaki kwa mgeni hadi weupe wa jicho unaonekana pembeni. Hapo bado hajanguruma, na hapo ndipo pa kuchukua hatua. Wengi husubiri mngurumo, kisha wanampiga kofi. Tafadhali, msifanye hivyo. Kunguruma ni onyo. Ukimfundisha kuficha onyo, hofu inabaki palepale na siku nyingine atauma bila kutoa sauti. Tena kumtesa mnyama kumekatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Akinguruma mapajani, simama taratibu ashuke mwenyewe, bila kumgombeza. Mgeni akiingia, usimbebe. Mpe mkeka wake pembeni, mahali asiposumbuliwa na mtu. Na yule anayengurumiwa zaidi nyumbani, mara nyingi ni baba, ndiye awe anamwekea chakula na kumtoa matembezi, asimlazimishe kumshika.

Zoezi ninalolitegemea zaidi ni la hodi. Chemsha maini au kuku bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, kisha katakata vipande vidogo sana. Mtu wa nyumbani aseme "hodi" kwa sauti ya chini kutoka uani, nawe mpe kipande papo hapo. Hodi itangulie, chakula kifuate. Akizoea kuisikia na kukugeukia wewe, mtu huyo asemee nje ya mlango. Baadaye jirani asimame getini, umbali ambao mbwa anamwona na bado anakula. Akikataa chakula, umeharakisha, ongeza umbali. Dakika 5 zinatosha kwa mara moja, lakini mabadiliko huchukua wiki kadhaa.

Wakati huo wote, mgeni halisi akija, mbwa awe chumba kingine au kwenye kamba. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha akarukiwa na mbwa wako umemtia mashakani hata kama hakung'atwa. Kumwambia "hang'ati huyo" hakumsaidii.

Ukali ulioanza ghafla uchunguzwe kwanza. Jino bovu, ambalo vijibwa hupata sana, au sikio linalouma humfanya mbwa asitake kuguswa. Akitokwa na udenda na kushindwa kumeza, usimguse. Toa taarifa ofisi ya mifugo haraka, huenda ni kichaa cha mbwa. Chanjo yake huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake chochote cha kienyeji, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Mkija kwetu kwa ajili ya tabia, njooni na video ya simu. Mezani kwa daktari mbwa wengi hunywea, na kile mnachokiona nyumbani hatukioni. Mrekodini kwa mbali, bila kumchokoza, tuone alichokifanya kabla ya kunguruma.