Punda Anayeogopa Kukatwa Kwato: Kazi Iko Kwenye Kumrudishia Mguu

Wenye punda wengi wanaponiita kuwakata punda wao kwato huanza kwa kunionya. Huyu mkorofi, huyu anarusha teke, huyu ukimwonyesha tupa ya kusugulia kwato anakuburura na kamba yake. Nikifika, ukorofi wenyewe huwa siuoni. Ninachokiona ni mnyama aliyewahi kushikwa mguu, akauomba kwa kila njia anayoijua, akanyimwa. Baada ya hapo hana sababu ya kumpa mtu mguu kwa hiari. Ndiyo maana katika kazi hii ninajali zaidi namna mguu unavyorudishwa chini kuliko namna unavyoinuliwa.

Kabla ya mafunzo yoyote, ondoa shaka ya maumivu. Punda ni hodari wa kuficha. Anaweza kuwa na jipu ndani ya ukwato, au viungo vimekakamaa kwa uzee, na bado akala na kutembea karibu kama kawaida. Tena mguu anaokunyima si lazima uwe ndio unaouma. Ukiinua wa mbele wa kushoto, uzito unahamia kulia. Kama wa kulia ndio mbovu, atakunyima wa kushoto, nawe utabaki kukagua ukwato ambao hauna neno. Punda aliyekuwa akikubali kisha akabadilika ghafla aonwe na daktari wa mifugo kwanza. Vivyo hivyo ukihisi kwato zina joto, au ukimkuta anajiegemeza nyuma ili kuzipunguzia uzito zile za mbele. Huo huenda ni uvimbe wa ndani ya kwato, na hakuna subira yako itakayouponya.

Kisha kuna hili la kumchukulia punda kama farasi mfupi. Farasi akishtuka, mara nyingi hukimbia. Punda aghalabu husimama kwanza, akapima jambo. Aliyezoea farasi humwona amesimama kimya, akadhani amekubali, akaendelea na kisu. Punda aliyekubali na punda aliyeganda kwa hofu wanafanana ukiwatazama kutoka mbali, ila ukisogea tofauti inaonekana. Aliyeganda amekaza mdomo na pua, masikio hayachezi, mkia ameubana, na mbavu haziendi kama zinavyopaswa kwenda kwa mnyama anayepumua vizuri. Aliyetulia hucheza na sikio moja kufuata sauti yako, huteremsha kichwa, hutafunatafuna. Wanaosema asante ya punda ni mateke hawajamtazama kwa makini: teke huja baada ya hizo ishara zote kupuuzwa.

Ninaanzia mahali anapopenda kuguswa. Wengi hupenda kukunwa pale shingo inapokutana na mgongo, wengine juu ya mzizi wa mkia. Kutoka hapo mkono unateremka begani kuelekea mguuni, taratibu, bila kutekenya. Mguso mwepesi mno humsumbua kama nzi, afadhali kiganja kizima. Kuna mahali utahisi msuli umejikaza. Hapo usipite. Simama kabla kidogo, ngoja alegee, kisha ondoa mkono wewe mwenyewe. Rudi tena. Mpaka huo utateremka wenyewe, leo juu ya goti, siku nyingine chini yake. Kwa mguu wa nyuma wa punda anayepiga, sitangulizi mkono wangu: ninafunga glavu iliyojazwa nguo kwenye ncha ya fimbo ndefu, ninampapasa nayo nikiwa nimesimama karibu na bega lake. Teke la punda hutoka upande pia, siyo nyuma tu, na analenga vizuri.

Sasa kiini chenyewe. Kila unapomwachia mguu, unamfundisha kitu. Ukiuachia wakati anaunyakua, amejifunza kwamba kunyakua ndiko kunakomweka huru. Ukiuachia wakati umelegea, amejifunza kwamba kulegea ndiko kunakomweka huru. Kwa hiyo mwanzoni ninaomba kidogo sana: ahamishe tu uzito upande wa pili, basi, ninaondoa mkono na kumkuna. Halafu kisigino kiinuke kidogo. Halafu ukwato uache ardhi kwa muda wa pumzi moja, niushushe mwenyewe kabla hajauomba. Kuushusha ni kuuweka chini, siyo kuudondosha. Mguu ulioangushwa humtia wasiwasi wa safari inayofuata.

Akiunyakua, usishindane naye. Huna nguvu hizo, na hata ukishinda umepoteza. Ikiwezekana na ni salama, fuata mwendo wa mguu bila kuvuta wala kubana, ngoja sekunde moja ya utulivu, ushushe. Ikiwa si salama, uachie, kisha rudi hatua mbili nyuma uombe kitu rahisi atakachoweza. Na usikasirike na mguu wa nyuma unaoruka juu kidogo mara tu unapoinuliwa. Mara nyingi huo ni mshtuko wa msuli tu, na mwenye kuuadhibu anazua vita pasipokuwa na ugomvi.

Jambo moja ambalo hutatua nusu ya malalamiko ninayoyapata: mnauinua mguu juu mno. Mtu mrefu huuleta mguu kwenye kimo chake badala ya yeye kuinama, au huuvuta nje upande ili aone vizuri. Kwa punda hilo linakaza nyonga na bega. Uweke chini ya kiwiliwili chake, usiuvute nje, na uwe chini kadiri mgongo wako unavyovumilia. Kwa mzee mwenye viungo vibovu, ukwato kupumzika juu ya kipande kifupi cha gogo kunatosha kwa kazi nyingi. Asimame pia kwenye ardhi tambarare isiyoteleza, miguu yote minne ikiwa imesimama sawasawa chini yake. Anayeyumba hawezi kukupa mguu hata akitaka.

Chakula kinasaidia, nami sioni aibu kukitumia, ila kiwe vipande vidogo visivyo na sukari nyingi, na kitoke kwenye bakuli kuliko mkononi kama punda wako ana tabia ya kudonoa mifuko. Vipindi viwe vifupi, dakika 5 hadi 10, uache yeye akiwa bado anataka kuendelea. Rafiki yake awepo, aonekane. Punda huungana kwa jozi, na kumtenga na mwenzake ili "atulie" ni kumwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Vifaa vinahitaji mafunzo yake. Tupa ina sauti inayotambaa hadi mfupani. Mwache ainuse ikiwa imelala chini, isugue kwenye ubao akiwa anakula, kisha gonga ukwato kwa kiganja, kwa kulabu ya kusafishia, mwishowe kwa mgongo wa tupa. Apron ya ngozi, harufu ya punda wengine, mtu mgeni aliyeinama: hivyo vyote ni mambo mapya kwake, hivyo omba mtu mwingine naye aje kumshika mguu kabla ya siku ya kazi.

Kwa kawaida kwato za punda hupunguzwa kila wiki 6 hadi 10, na punda anayejifunza si lazima amalizwe miguu yote siku moja. Miwili leo na miwili baadaye ni ratiba nzuri. Kwato zilizorefuka sana zenyewe hupunguzwa kwa awamu. Lakini zikiwa zimefika hatua ya kumuumiza, mafunzo yasubiri: daktari ampe dawa ya kutuliza, kazi ifanyike, na mazoezi yaanze akishapona. Usijaribu kumpimia dawa mwenyewe kwa kipimo cha farasi, kwa sababu mwili wa punda huzitumia dawa kadhaa kwa namna yake.

Baada ya siku ngumu mwangalie anapokula. Punda aliyesusa chakula kwa sababu ya msongo, hasa mnene au jike mwenye mimba, mafuta ya mwili wake yanaweza kumiminika kwenye damu na kulidhuru ini, na hali hiyo huua. Akikataa chakula, mpigie daktari siku hiyohiyo.