Kingamwili za ukoma kwenye damu ya mgonjwa wa kifua kikuu: yanayosemwa na ukweli wake

Huku Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, mtu akikohoa wiki tatu mfululizo, wengi husema ni moshi wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Makohozi yakipimwa na ikajulikana ni kifua kikuu, maneno hugeuka. Na akisikika mtu akisema kwamba wagonjwa wa kifua kikuu hupimwa pia kingamwili za ukoma, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kimelea cha ukoma, basi hofu inakuwa mbili kwa mpigo. Naziandika dhana hizi kwa sababu nimeona zikimfanya mgonjwa aache dozi njiani.

“Kifua kikuu kikikaa sana mwilini hugeuka ukoma.”

Hakigeuki. Ni vimelea wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja na ugonjwa wake. Cha ukoma alikigundua daktari Hansen huko Norway mwaka 1873. Cha kifua kikuu alikitangaza Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Kimelea cha kifua kikuu hujigawa ndani ya siku moja, ilhali cha ukoma huchukua kama wiki mbili. Ndiyo maana dalili za ukoma hujitokeza baada ya miaka mitano hivi, na wapo waliokaa hata miaka 20 kabla ya kuziona.

“Kingamwili za ukoma zikionekana kwenye damu, mtu ana ukoma.”

Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi. Kingamwili huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kitu kigeni. Hazisemi kwamba mtu anaumwa. Tena vimelea hawa wawili wana mafuta yanayofanana kwenye ukuta wao, kwa hiyo kipimo kinachotafuta mafuta hayo kinaweza kuitika kwa mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajawahi kuugua ukoma. Watafiti walipata aina moja ya mafuta yenye sukari, iitwayo PGL-I, ambayo ni ya kimelea cha ukoma. Hata hivyo, mtu aliyeishi nyumba moja na mgonjwa ambaye hajatibiwa anaweza kuwa na kingamwili hizo na asiugue maisha yake yote. Na mwenye ukoma wa vimelea vichache mara nyingi hana kabisa. Kipimo kinaweza kumtisha mzima na kumwacha mgonjwa apite.

Basi kwa nini watafiti huchukua damu ya wenye kifua kikuu? Ili kukijaribu kipimo chenyewe, kama kinaweza kuwatofautisha ndugu hawa wawili. Mgonjwa anayetoa damu hiyo hashukiwi lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 haupendekezi kipimo chochote cha kutafuta maambukizi ya ukoma kwa mtu asiye na dalili.

Ukoma hutambuliwa kwa ngozi na neva: baka lisilohisi hata likiguswa kwa pamba, neva iliyovimba kwenye kiwiko au shingoni, au vimelea kuonekana kwa hadubini kwenye majimaji ya ngozi, mara nyingi ya ndewe la sikio.

“Dawa ni zilezile, kwa hiyo hakuna haja ya kujua kama mtu ana yote mawili.”

Dawa za kawaida za magonjwa haya zinakutana kwenye rifampisini tu, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu. Mwenye ukoma huimeza mara moja kwa mwezi, pamoja na dawa nyingine. Mwenye kifua kikuu huimeza kila siku. Sasa mgonjwa wa ukoma anayekohoa asipopimwa makohozi, kifua chake kitapata rifampisini kidogo kidogo, na vimelea wa kifua kikuu watajifunza kuihimili. Kifua kikuu sugu ni mateso marefu. Mwenye magonjwa yote mawili hupewa tiba kamili ya kifua kikuu, kisha huongezewa zile dawa za ukoma ambazo hazimo ndani yake.

“Ukipata kimoja, kingine hakikupati.”

Wapo wanaougua yote mawili. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo mkononi karibu na bega, hupunguza hatari ya yote mawili lakini haiifuti.

“Nikisema nina baka, nitapelekwa kutengwa.”

Ukoma hutibiwa mgonjwa akiwa nyumbani kwake, kwa miezi 6 au 12, bila malipo, na uwezo wa kuambukiza huisha mapema baada ya kuanza dawa. Tanzania iliyaweka magonjwa haya mawili chini ya mpango mmoja tangu mwaka 1977. Kwa hiyo anayefuata vidonge vya kifua kikuu, iwe Sikonge au Nzega, anaweza kumwonyesha baka lake muuguzi yuleyule anayempa dawa.