Lokali ni nini, na kwa nini Kikroatia huwachanganya wengi

Sentensi huja kwa barua pepe au kikaoni, na karibu kila mara huwa ileile: "Tunaingia soko la Kroatia, kwa hiyo tuongeze lokali ya Kroatia." Anayesema hivyo huwa anamaanisha tafsiri. Siku chache baadaye atasema "lokali" akimaanisha sarafu, na kabla kazi haijaisha neno limeshakuwa jina la kibendera kilichobandikwa juu ya ukurasa. Limetumika kwa kila kitu isipokuwa kwa maana yake.

Maana yake haina ugumu. Lokali ni lugha pamoja na mahali: lugha anayoisoma mteja, na nchi ambayo taratibu zake ndizo zinazoamua bei iandikwe vipi, tarehe ipangwe vipi, kodi iwe asilimia ngapi na mzigo umfikie kwa njia gani. Kwenye kompyuta huandikwa kwa misimbo miwili yenye kistari katikati, lugha kwa herufi ndogo na nchi kwa herufi kubwa. Kikroatia cha Kroatia ni hr-HR. Kazi nzima ya kuifanya tovuti ielewane na lugha hiyo na mahali hapo ndiyo inayoitwa ujanibishaji, na kutafsiri ni sehemu yake moja tu.

Sasa tazama hiyo hr-HR, maana kosa limejificha humo. Wakroatia wenyewe huiita nchi yao Hrvatska na lugha yao hrvatski, kwa hiyo msimbo wa lugha na msimbo wa nchi umetoka na herufi zilezile. Mtu akiuona anadhani ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, na pengine anaona hata kuandika mara mbili ni kupoteza wino. Kroatia ni mfano mbaya wa kujifunzia lokali, kwa sababu ukikosea hakuna kinachoharibika papo hapo.

Jaribu kwa majirani zake. Kibosnia ni bs, lakini nchi yenye msimbo BS ni Bahamas. Bosnia na Herzegovina ni BA. Kiserbia ni sr, na SR ni Suriname, huko Amerika Kusini. Serbia yenyewe ni RS. Kislovenia ni sl, na SL ni Sierra Leone. Mtengenezaji wa tovuti aliyezoea kwamba Kikroatia "ni hr tu, kotekote" akiulizwa kuongeza Bosnia ataandika bs kwenye kisanduku cha nchi, na fomu ya usafirishaji itaanza kumhesabia mteja wa Sarajevo gharama za kupeleka mzigo kwenye visiwa vya karibu na Florida. Hapo ndipo watu hugundua kwamba misimbo ni miwili.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Msimbo wetu ni sw, na hakuna nchi yenye msimbo SW. Ukifungua orodha ya lokali kwenye mifumo mikubwa ya kompyuta utakuta sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD: lugha moja, nchi nne, sarafu nne. Hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa kwamba shilingi ya Kenya siyo ya Tanzania ingawa maneno kwenye ukurasa ni yaleyale. Kikroatia nacho kiko hivyohivyo, ila herufi zake zimekificha.

Nani basi ni mteja wa Kikroatia aliye nje ya Kroatia? Si mtu wa kubuni. Kroatia yenyewe ilihesabu watu wapatao milioni 3.87 katika sensa ya 2021. Ng'ambo ya mpaka, Bosnia na Herzegovina ilihesabu Wakroatia zaidi ya nusu milioni katika sensa yake ya 2013, na Kikroatia ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za nchi hiyo. Mchukue mtu wa Ljubuški, mji wa Herzegovina ulio karibu kabisa na mpaka. Anasoma Kikroatia kilekile cha Split, mji wa pwani ya Kroatia. Lakini analipa kwa marka ya Bosnia, KM, ambayo thamani yake imefungwa kwa euro: euro 1 ni KM 1.95583. Kodi ya ongezeko la thamani kwake ni asilimia 17, wakati Kroatia ni 25. Simu yake inaanza na +387, si +385. Na kwa kuwa nchi yake haimo katika Umoja wa Ulaya, kifurushi kutoka Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, kinapita forodhani. Mtu huyo ni hr-BA. Ukimpa hr-HR atasoma kila kitu bila shida, atajaza kikapu, kisha fomu itaikataa namba yake ya simu. Tafsiri ilikuwa safi kabisa. Kilichokosewa ni nchi.

Mwingine yuko Ujerumani. Yugoslavia, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, na Ujerumani Magharibi zilitiliana saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi mwaka 1968, na baada ya Kroatia kuingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2013 wimbi jingine likafuata. Yuko Munich au Frankfurt, anatumia euro, kodi yake ni asilimia 19, anataka mzigo mlangoni kwake Ujerumani, na bado angependa kusoma masharti ya kurudisha bidhaa kwa lugha ya mama yake. Ukimpanga kwa nchi, unampa Kijerumani. Ukimpanga kwa lugha, unamtoza kodi ya Zagreb. Ndiyo maana vitu hivi viwili huulizwa kila kimoja peke yake.

Kuna upotoshaji wa pili, na huu huniudhi zaidi kwa sababu husemwa na watu waliosoma kidogo: "Kikroatia, Kiserbia na Kibosnia si lugha moja? Tafsiri mara moja, tubandike kote."

Tuseme ukweli wote. Wanaelewana. Mtu wa Zagreb na mtu wa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, hawahitaji mkalimani, na wapo wanaisimu wengi wanaosema hii ni lugha moja yenye vituo kadhaa vya usanifishaji. Habari hii ina historia ndefu. Mwaka 1850 waandishi wa pande zote mbili walikubaliana huko Vienna juu ya lahaja ya kujengea lugha ya maandishi. Mwaka 1954, mjini Novi Sad, ilitangazwa kwamba ni lugha moja yenye matamshi mawili. Mwaka 1967 taasisi za Kroatia zikatoa tamko la kudai jina na hadhi ya lugha yao wenyewe. Yugoslavia ikavunjika kuanzia 1991 na kila nchi ikashika jina lake. Mwaka 2017, mjini Sarajevo, wakajitokeza wengine na tamko la kinyume, kwamba lugha bado ni ya pamoja. Mwaka 2024 Bunge la Kroatia likapitisha sheria mahsusi ya Kikroatia. Kwa ufupi, mjadala umepita miaka 170 na haujachoka. Hata wenye kupanga misimbo uliwalemea: msimbo sh, wa Kiserbo-Kroatia, ulifutwa mwaka 2000 katika orodha ya herufi mbili, halafu dhana yenyewe ikarudi katika orodha ya herufi tatu kama hbs, lugha mwavuli inayobeba nyingine ndani yake. (Kiswahili nacho kimepangwa vivyo hivyo: swa ndiyo ya juu, chini yake swh na swc, hiyo ya pili ikiwa Kiswahili cha Kongo.)

Lakini mwenye duka la mtandaoni hakuitwa kuamua mjadala huo. Swali lake ni dogo zaidi: je, huyu mteja ataona ukurasa umeandikwa kwa ajili yake, au ataona umeandikwa kwa jirani yake akapewa yeye? Na hilo huonekana kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kikapu cha manunuzi kwa Kikroatia ni košarica, kwa Kiserbia korpa. Mkate ni kruh upande mmoja na hleb upande wa pili. Elfu ni tisuća na hiljada. Treni ni vlak na voz. Duka la dawa ni ljekarna na apoteka. Maziwa ni mlijeko Zagreb, mleko Belgrade. Kiserbia pia huandikwa kwa herufi za Kisirili na za Kilatini, ndiyo maana msimbo wake mara nyingi hubeba alama ya aina ya herufi, sr-Cyrl au sr-Latn. Kikroatia cha leo hakina haja hiyo.

Miezi ndiyo hunifurahisha zaidi. Waserbia husema januar, februar, oktobar. Wakroatia wameshika majina ya Kislavoni ya kale: siječanj ni Januari, lipanj ni Juni, listopad ni Oktoba. Sasa listopad hiyohiyo kwa Kipoland na Kicheki ni Novemba. Ukinakili faili la miezi kutoka lugha nyingine ya Kislavoni kwa kuwa "zinafanana", hoteli yako itapangisha vyumba mwezi usiokuwa wake. Mitaani Wakroatia wenyewe mara nyingi husema tu deseti mjesec, mwezi wa kumi, kama tusemavyo sisi, na kalenda ya tovuti inayoonyesha namba huepusha balaa nyingi. Tarehe 5 Oktoba 2024 huandikwa 5. 10. 2024., na ile nukta ya mwisho si kosa la kuchapa. Bei huandikwa 1.299,00 €, nukta kwenye maelfu na mkato kwenye senti. Na ni euro: sarafu ya zamani, iliyoitwa kuna (kn), iliondoka tarehe 1 Januari 2023 kwa kiwango cha 7.53450 kwa euro moja, ila bado nakutana na violezo vya tovuti vinavyoandika kn.

Kisha kuna hesabu ya vitu kikapuni. Mtengenezaji huweka kanuni mbili: kimoja, na zaidi ya kimoja. Kikroatia kina tatu: 1 artikl, 2 artikla, 5 artikala. Ukifika 21 unarudi kwenye artikl, 22 ni artikla, lakini 11 hadi 14 ni artikala. Kiserbia kinafuata hesabu hiyohiyo, ila neno lenyewe linaanza na artikal. Hiyo "a" moja ndiyo inayomwambia mteja wa Split kwamba ukurasa ulipitia Belgrade kabla ya kumfikia.

Orodha za miji nazo zina kanuni yake. Lj kwa Kikroatia ni herufi moja, na hukaa baada ya L yote kwisha. Ljubuški inafuata Lovran, haiitangulii. Mtu anayetafuta mji wake mahali alipouzoea tangu shule ataukosa kama seva imepanga kwa alfabeti ya Kiingereza. Kwenye kisanduku cha kutafutia, kinyume chake, usimbane: wengi huandika cevapi bila alama wakitaka ćevapi (vipande vya nyama ya kusaga vya kuchoma), na tovuti inapaswa kuwaletea.

Limebaki suala la nani anaamua lokali ya mteja. Tovuti nyingi hukisia kwa anwani ya mtandao ya kifaa chake, yaani kwa mahali alipo. Kila kiangazi mamilioni ya watalii hujaa pwani ya Dalmatia na Istria. Mjerumani aliyekaa mkahawani Split akifungua tovuti ya duka lake la nyumbani anatupiwa Kikroatia, kwa sababu tu simu yake iko Kroatia. Kivinjari chake kilishasema anataka Kijerumani, ila hakuna aliyekisikiliza. Ndani ya Umoja wa Ulaya hili lina sheria pia: kanuni ya 2018/302, inayotumika tangu tarehe 3 Desemba 2018, inamkataza muuzaji kumhamisha mteja kwenda toleo jingine la tovuti kwa sababu ya uraia au mahali anapoishi bila ridhaa yake. Uliza. Mpe orodha mbili, ya lugha na ya nchi ya kupelekewa mzigo, achague mwenyewe.

Google nayo inasaidia kukumbusha. Katika alama za hreflang, zinazoiambia injini ya utafutaji ukurasa upi ni wa nani, lugha ndiyo inayotangulia, na nchi peke yake haikubaliki. Kama maudhui ya Kikroatia ni yaleyale kwa wote, hr inatosha bila kuongeza nchi. Ongeza hr-BA siku utakapokuwa kweli na bei za KM na utaratibu wa forodha. Kabla ya hapo ni pambo.

Kwa hiyo ukisikia tena "lokali ya Kroatia", muulize mwenzako kwa upole: Kikroatia kwa wateja wa wapi? Akijibu Kroatia, ni hr-HR, mwandikie euro. Akijibu "wale wa Herzegovina pia", maandishi yanabaki, bei na fomu zinabadilika. Akijibu Serbia, hiyo si lokali nyingine ya Kikroatia. Mtafutie mfasiri wa Kiserbia. Na kibendera kiondoeni kwenye menyu ya lugha, maana yule wa Ljubuški ana bendera nyingine na yule wa Munich anaishi chini ya nyingine tena. Pale andikeni Hrvatski.