Je, wajua farasi-bahari kibete, yaani yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, anapataje rangi ya tumbawe analoishi?

Mwaka 1969 Georges Bargibant wa akwariamu ya Nouméa, kule New Caledonia, alitoa baharini tumbawe moja, yale malaini yenye matawi membamba yaliyotanda bapa, na ni alipokuwa analikagua ndo akakuta kumbe kuna farasi-bahari wadogo wamejishikiza humo, hakuna aliyekuwa anawajua. Mwaka uliofuata wakapewa jina la kisayansi, Hippocampus bargibanti.

Mkubwa wao hafiki hata sentimita 3. Na ukimtazama kwa karibu ndo unashangaa zaidi, maana mwili mzima una vinundu vya mviringo, na kila kinundu kina ukubwa na rangi ya polipu iliyojifunga, yaani vile viumbe vidogo vinavyolijenga tumbawe, halafu ngozi iliyobaki kati ya vinundu imechukua rangi ya tawi lenyewe. Pua nayo ni fupi sana kuliko ya farasi-bahari wengine. Tumbawe likiwa la zambarau vinundu vinakuwa vya pinki, likiwa la njano vinakuwa vya rangi ya chungwa.

Sasa swali, rangi hiyo anarithi au anaipata hapohapo? Jibu lilikuja 2014 California Academy of Sciences, Marekani, walipofanikiwa kuwalea kwa mara ya kwanza. Baba ndiye anayebeba mimba (kwa farasi-bahari wote ni hivyo), na watoto walitoka wakiwa kahawia tu, hawajafanana na chochote. Wazazi walikuwa wa rangi ya chungwa, lakini watoto waliokua kwenye tumbawe la zambarau wakageuka zambarau! Kwa hiyo rangi inategemea ametua wapi, na mimi hapo ndo naona maajabu yenyewe yalipo, sio kwenye udogo wake.

Akishatua anazungusha mkia kwenye tawi na maisha yake yote yanakuwa hapo, mbio hana, meno hana, anafyonza tu vijidudu vinavyopita na maji. Tumbawe likifa naye hana pa kwenda.

Huyu anaishi Indonesia, Ufilipino na bahari za jirani, lakini Afrika nasi tunaye ndugu yake, Hippocampus nalu wa Sodwana Bay, Afrika Kusini, aliyetangazwa 2020, na yeye anajificha kwenye miamba yenye mwani na mchanga.