Je, wajua kwa nini anayejaza uwanja Arusha huweza kukatwa Dodoma?

Katika mchujo wa kumpata mgombea urais wa CCM, chama tawala cha Tanzania, mwaka 2015, mtu aliyetajwa kuwa kinara karibu kila kijiwe cha kahawa jijini Arusha hakupata hata kura moja ya mkutano mkuu wa chama. Kura hazikumkataa, kwa sababu jina lake halikufika kwenye karatasi.

Mtu huyo ni Edward Lowassa, mbunge wa Monduli wakati huo na waziri mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Jumamosi ya Mei 30, 2015, alitangaza nia kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na uwanja ulifurika. Kaulimbiu ya Safari ya Matumaini ikashika mji. Kuanzia Kaloleni hadi Ngarenaro, watu walishaacha kubishana kama atapita, wakawa wanagawana wizara. "Mangi, hii imeisha," ndiyo ilikuwa kauli ya siku. Wiki sita baadaye, usiku wa Julai 10 kuamkia 11, huko Dodoma, Kamati Kuu ya chama ikatoa majina matano na la kwake halikuwemo.

Sasa, ilikuwaje watu wengi hivyo wakosee? Kwa maoni yangu hawakukosea sana. Walichokiona uwanjani kilikuwa kweli. Ila swali la "nani anaongoza?" halina jibu mpaka useme anaongoza mbele ya nani, maana ndani ya CCM mbio hizi hupita mikononi mwa watu tofauti, kundi baada ya kundi, na kila kundi lina hesabu zake.

Kwanza ni fomu. Mwaka ule fomu ilikuwa shilingi milioni moja, na mwombaji alitakiwa kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Wanachama 42 walichukua, 38 wakarudisha. Kambi ya Lowassa haikuishia kwenye 450. Ilikusanya saini za wanachama laki kadhaa, na kila mkoa aliopita magazeti yalipata picha ya umati. Lakini wadhamini wakizidi 450 hawaongezi kitu mbele ya kikao. Kanuni inataka mia nne na hamsini. Ukileta laki tano, umetimiza sharti lilelile alilotimiza mwenzako ambaye hakuna aliyemwona akipita.

Baada ya hapo majina yanaingia kwenye chekeche la vikao. Kamati ya Usalama na Maadili inayapitia, Kamati Kuu inachagua yasiyozidi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura kubakiza matatu, kisha mkutano mkuu unachagua moja. Ukitazama ukubwa wa kila kikao utaona kitu cha ajabu kidogo. Mkutano mkuu una watu zaidi ya elfu mbili, Halmashauri Kuu ya wakati ule ilikuwa na mia tatu na ushei, Kamati Kuu thelathini na kidogo. Yaani kundi dogo kuliko yote ndilo linalokata majina mengi kuliko yote. Kutoka 38 hadi 5 ni kazi ya watu wanaoweza kuenea kwenye basi moja dogo. Ile kazi inayobaki, ya kuchagua mmoja kati ya watatu, ndiyo wanayopewa maelfu, mbele ya kamera.

Mwenyekiti wa chama ndiye anayeongoza Kamati Kuu, Halmashauri Kuu na mkutano mkuu. Mwaka 2015 alikuwa Jakaya Kikwete, rais anayemaliza muda wake, ambaye hana tena cha kuomba kwa mjumbe yeyote.

Lowassa alikuwa na nguvu kubwa kuanzia Halmashauri Kuu kwenda chini. Kikwete alipoingia ukumbini Dodoma, baadhi ya wajumbe walimpokea kwa wimbo wa kuwa wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka usiku uleule wakawaambia waandishi kuwa wanajitenga na uamuzi, wakilalamika kwamba kikao kililetewa majina machache badala ya yote. (Siasa haina kinyongo cha kudumu: Nchimbi huyohuyo ndiye aliyepitishwa Januari 2025 kuwa mgombea mwenza wa Samia Suluhu Hassan.) Lakini nguvu ya ukumbi wa pili haikusaidii kama umezuiwa mlango wa kwanza.

Hapo ndipo panaponifurahisha mimi mpenda hesabu. Majina matano yaliyobaki yalikuwa ya Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Wachambuzi wa vijiweni wakabadilisha wimbo palepale: kama Lowassa hayupo, basi ni Membe, waziri wa mambo ya nje, aliyekuwa akitajwa kuwa mpinzani wake mkuu. Halmashauri Kuu ikapiga kura, kila mjumbe akichagua watatu. Magufuli alipata 290, Amina 284, Migiro 280, Makamba 124, Membe 120.

Tazama ule mwanya baada ya wa tatu. Watatu wa juu wamepishana kura kumi tu, halafu ghafla zinakatika zaidi ya mia na hamsini. Kura hazikatiki hivyo kwa bahati. Maelezo yaliyozoeleka, nami nayaamini, ni kwamba watu wa Lowassa, mgombea wao akiwa amekatwa, walibaki na silaha moja: kuhakikisha mahasimu wao nao hawapiti. Hawakuwa na mtu wa kumpandisha, wakawa na watu wa kuwashusha. Magufuli, waziri wa ujenzi ambaye hakuwa amejaza uwanja wowote kutangaza nia, hakuwa na kambi kubwa, kwa hiyo hakuwa na maadui wengi wa kambi. Kwenye mkutano mkuu akapata 2,104, Amina 253, Migiro 59.

Kwa hiyo kinara hukabiliwa na jambo ambalo wa nyuma yake hawalioni. Kambi nyingine tatu au nne haziwezi kukubaliana nani awe rais, lakini zinaweza kukubaliana kirahisi nani asiwe. Kadiri unavyotajwa kuwa "keshapita", ndivyo wengine wanavyopata sababu ya kukaa meza moja.

Wazee wa Moshi wenye kumbukumbu watakuambia hili halikuanza 2015. Mwaka 1995 mkutano mkuu uliletewa majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya, mtoto wa Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na waziri mkuu kwa vipindi viwili. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyefikisha nusu, Msuya akatoka, kura zikarudiwa kwa wawili, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Toa moja kwenye nyingine: Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete 105. Waliokuwa kwa Msuya, kwa sehemu kubwa, walihamia kwa Mkapa, aliyekuwa na baraka za Mwalimu Nyerere. Aliyeongoza asubuhi hakuwa kipenzi cha pili cha watu wa kutosha. Na Lowassa? Mwaka huohuo naye aliomba, akaenguliwa mapema.

Mtu akitaka kunibishia atanitajia 2005, na atakuwa na hoja. Kikwete alikuwa kinara wa wazi mwaka ule na akashinda wazi: 1,072, dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Tofauti ni kwamba kundi lake, lile lililojulikana kama Mtandao, lilitumia miaka kumi tangu 1995 kutafuta watu ndani ya vikao, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya. Umati wa nje ulikuja baadaye. Mmoja wa wahandisi wakuu wa Mtandao huo alikuwa Lowassa mwenyewe, kwa hiyo alijua vizuri kuliko wengi jinsi kazi inavyofanyika. Kilichobadilika kufikia 2015 ni nani amekaa kwenye kiti cha mbele.

Uvumi wenyewe nao una watu wanaoufaidi. Wapambe wanautengeneza kwa makusudi, kwa sababu mjumbe wa kawaida hapendi kumpigia kura anayeshindwa. Anataka awe upande wa atakayegawa vyeo, hivyo ukimwaminisha kuwa mtu wako keshapita, umempata bila hata kumshawishi. Mfadhili naye ni hivyohivyo. Gazeti linauza kwa kichwa cha habari chenye jina moja kubwa, wala si kwa kichwa kinachosema "hesabu bado ngumu". Bodaboda wa stendi naye anapata la kumwambia abiria mpaka afike Sakina. Kura za maoni za taasisi ni afadhali, maana zinahoji watu kwa utaratibu, ila zinawahoji wananchi, na wananchi hawakai Kamati Kuu. Ndiyo maana mwaka 2020, baada ya mchujo wa wagombea ubunge ndani ya CCM, ambao nao huitwa kura za maoni ila hupigwa na wajumbe, msemo wa "wajumbe si watu wazuri" ulienea nchi nzima: waliokuwa wakiongoza mitaani walikuta sanduku lina maoni mengine.

Kuna pia bei ya kuongoza mapema. Februari 2014, mwaka mzima na zaidi kabla ya fomu kutoka, CCM iliwapa onyo kali na kuwaweka chini ya uangalizi wa miezi 12 makada sita kwa kuanza kampeni kabla ya wakati: Lowassa, Membe, Makamba, Frederick Sumaye, Stephen Wasira na William Ngeleja. Magufuli hakuwemo. Wakati wenzake wanajibu tuhuma za maadili, yeye faili lake lilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyemdhania.

Rais aliyepo anapotaka muhula wa pili mambo haya yote hulala. CCM ina desturi ya kumwachia amalize, na anayejaribu huona cha moto: Membe alionekana anautaka urais wa 2020, na Februari mwaka huo Kamati Kuu ikaamua afukuzwe uanachama. Mbio za kweli huja kiti kinapokuwa wazi.

Umati wa Sheikh Amri Abeid, kwa upande wake, haukuwa wa kukodi kama wengine walivyodai. Lowassa alihamia chama cha upinzani cha CHADEMA mwishoni mwa Julai 2015, na Oktoba 25 akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, Magufuli akipata asilimia 58. Monduli kwenyewe, ngome ya CCM tangu zamani, ikampeleka bungeni mbunge wa CHADEMA. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, na alifariki Februari 2024.

Mbio zijazo zitakuwa na geti jembamba zaidi. Desemba 2016 CCM iliamua kupunguza wajumbe wa Halmashauri Kuu kutoka 388 hadi 158, na wa Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24. Kwa hiyo chalii wa Ngarenaro akikuapia leo kwamba wa 2030 anajulikana, muulize anawafahamu wangapi kati ya hao wa Kamati Kuu.