Je, wajua kwa nini ngazi huteleza fundi akishafika juu?

Fundi rangi anaegemeza ngazi ukutani, anapanda vidato viwili, anaitikisa, haisogei. Anaridhika, anapanda na kopo lake. Akikaribia juu, miguu ya ngazi inachomoka ghafla. Mbona mwanzo ilishika?

Kwa sababu lile jaribio la chini halipimi kitu. Uzito unaokandamiza sakafu ni uleule, lakini kila kidato anachopanda, ngazi inazidi kuusukuma ukuta, na miguu inazidi kusukumwa nje. Kinachoizuia ni msuguano tu. Vumbi la saruji, kigae chenye maji au mpira uliolika chini ya miguu ya ngazi ukiupunguza, ngazi inaondoka.

Dawa yake ni kipimo: ngazi ikigusa ukuta kwenye mita 4, miguu ikae mita 1 kutoka ukutani. Kwa anayepanda paani, ngazi ipite ukingo kwa mita 1 na ifungwe kamba juu. Ukiwa kazini, kitovu chako kisivuke mti wa pembeni wa ngazi. Sogeza ngazi, usijinyooshe.

Watu huidharau mita 3. Kutoka hapo mwili unafika chini kwa chini ya sekunde moja, ukiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na zege halibonyei. Kofia ngumu isiyofungwa kidevuni hutoka hewani kabla kichwa hakijagonga.

Sehemu ya kuogopa zaidi ni panja, kati ya jicho na sikio. Mfupa wake ni mwembamba, na kwa ndani unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kuchanika, damu ikajikusanya na kuukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzimia kidogo, akainuka, akajikung'uta, akasema "niko sawa", kisha saa chache baadaye kichwa kikamuuma vibaya, akatapika, akasinzia. Jamani, msimwambie akapumzike nyumbani! Damu hiyo huondolewa kwa upasuaji, na kila saa inayopita ina gharama.

Asiyezinduka msimkalishe wala kumnywesha maji; shingo nayo huenda imevunjika. Shikeni kichwa kisigeuke, hakikisheni anapumua, iteni gari la wagonjwa. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au majimaji yakitoka sikioni au puani, ni dharura. Mkifika hospitali, mwambieni daktari ameanguka kutoka urefu gani, saa ngapi, na kama alizimia, hata kwa dakika moja.