Soma alama za meno kabla ya kuziba tundu

Wanaoanza kufuga panya weupe wa kulisha nyoka huniuliza swali moja kuliko yote: ninunue beseni gani wasiloweza kulitoboa? Naelewa wanavyoumia. Beseni likitobolewa usiku, asubuhi unakuta dume ameshaingia kwa majike ambao hukutaka wapandwe, vichanga wamepoa sakafuni, na wengine wako darini wakila nyaya za umeme. Hata hivyo mimi huanza kwa kuuliza: wanatobolea upande gani?

Panya ana meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa mwaka jino linaweza kusukuma sentimita 10 hadi 15. Upande wa mbele una tabaka gumu lenye madini ya chuma, ndiyo maana meno ya panya mzima ni ya manjano au rangi ya chungwa. Upande wa nyuma ni laini zaidi na hulika haraka, kwa hiyo jino hubaki na makali kama patasi. Wengi wakishajua hayo husema basi, panya anaguguna kwa sababu meno yanamsukuma. Hapo sikubaliani nao. Panya hunoa meno yake kwa kuyasaga ya juu na ya chini yenyewe kwa yenyewe. Kaa kimya karibu na panya aliyetulia utasikia mlio mdogo, na mara nyingine utaona macho yakichezacheza. Panya mwenye taya zilizokaa sawa, anayekula chakula kigumu, kwa kawaida hapatwi na tatizo la meno marefu. Akishinda usiku kucha kwenye ukuta wa beseni, kuna kitu anakitafuta.

Chukua tochi uangalie. Utaona mifereji midogo, miwili miwili, na chini yake rundo la chembe za plastiki. Chembe huanguka nje kwa sababu kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo, na panya anapoguguna ngozi ya midomo huliziba pengo hilo. Anatema, hamezi. Chembe kavu zilizo juu ya maranda ni za jana usiku. Zilizozama kwenye maranda yenye mkojo ni za zamani.

Alama zikiwa karibu na kinyweo, yaani mrija wa chupa ya maji wenye gololi mdomoni, bonyeza gololi hiyo kwa kidole chako kabla ya kufanya lolote lingine. Huku pwani visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na chumvi ikikauka gololi hukwama huku chupa imejaa pomoni. Mfugaji anaona maji, panya hapati tone. Panya wa gramu 300 hunywa kama mililita 30 kwa siku, na mama anayenyonyesha huhitaji zaidi ya hapo kwa mbali. Mkiwa na jike mwenye watoto kumi asiyepata maji, msimlaumu kwa kula beseni.

Alama zikiwa juu, chini ya mfuniko au kwenye matundu ya hewa, nashuku joto na uchafu. Panya hatoi jasho mwilini kama sisi. Joto lake hutoka kwa kiasi kikubwa kupitia mkia, na chumba kikipita nyuzi 30 huanza kuteseka. Miezi ya kaskazi ndiyo mibaya. Inamisha uso wako hadi usawa wa maranda. Kama mkojo unakuwasha macho, fikiria yeye ambaye pua yake iko hapo mchana na usiku, na mapafu ya panya ni dhaifu.

Jike mwenye mimba ni habari nyingine. Hubeba siku 21 hadi 23, na zikikaribia kwisha hutafuta cha kujengea kiota. Asipokuwa nacho atachana chochote. Mpe majani makavu ya mgomba, makumbi yaliyochambuliwa au vipande vya trei za mayai za karatasi, ukae pembeni utazame: hubeba kimoja kimoja mdomoni, hukipasua kwa urefu, hukipanga, hurudi kuchukua kingine. Mara nyingi ukuta huachwa usiku uleule. Panya hawa wanaishi kwa ajili ya tumbo la chatu na kifutu, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza siku walizo nazo ziwe nzuri.

Sasa beseni. Jino la panya haliwezi kuanza kazi kwenye ukuta laini ulionyooka, linahitaji ukingo. Kwa hiyo chagua beseni lisilo na mikunjo wala mbavu upande wa ndani. Usitoboe matundu ya hewa ubavuni kwa msumari wa moto, maana kila tundu huacha mdomo uliovimba, na hapo umempa pa kuanzia. Hewa ipite juu: kata mfuniko, funga wavu wa chuma uliochomelewa upande wa ndani, wenye tundu la nusu inchi kwa wakubwa na robo inchi kwa watoto. Ule wavu mwepesi wa kuku hautafika mbali. Chupa ikae nje, ndani uingie mrija wa chuma tu. Tundu lililokwisha kutoboka lizibwe kwa bati lililofungwa bolti kwa ndani, pana kuliko jeraha lenyewe. Gundi na utepe ni kazi bure.

Baada ya hapo wape cha kuguguna: vifuu, magunzi ya mahindi, vijiti vya mpera. Usiwape mnyaa, utomvu wake unachoma, wala mbao za mjengo zilizopakwa rangi au dawa. Nyoka humeza panya mzima pamoja na kilichomo tumboni mwake. Kwa sababu hiyohiyo usilishe nyoka panya wa mtaani, huenda amekula sumu.

Panya ambaye meno yake yamepishana hadi hawezi kula asizalishwe, kasoro hiyo inaweza kurithiwa. Ila usishtuke ukiona meno ya chini ni marefu kuliko ya juu kama mara tatu. Ndivyo yalivyo.

Na tafadhalini sana, msimwache panya hai kwenye chumba cha nyoka. Nyoka anayekaribia kujivua gamba, au asiye na njaa, hulala tu, na panya mwenye njaa huanza kumguguna mgongoni. Vidonda hivyo huweza kufika mfupani. Muueni panya kwanza, kwa gesi ya kaboni dioksidi au kwa kuvunjwa shingo na mtu aliyefundishwa. Akitoka kwenye friza, mwacheni ayeyuke hadi ndani ya tumbo, mpasheni kwa maji ya vuguvugu, mkausheni, kisha mpeni nyoka kwa koleo refu.